Povu la Kostiki

Harufu ya kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inanichefua mpaka leo. Nikipita karibu na watengeneza sabuni pale Busia huziba pua kwa leso na kukaza mwendo, na wajukuu wangu hunicheka. Wacheke. Harufu ile ilikula lori la baba yangu nikiona kwa macho yangu, miaka michache baada ya uhuru, nikiwa msichana wa kutumwa maji.

Lori lenyewe Baba alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Ili alipate aliuza maksai wa Mama, wale waliotulimia pamba kule Mulanda, akamwahidi kwamba gari litawarudisha. Na lilikuwa gari zuri, sikatai. Bloku yake, yaani mwili wa injini, ilikuwa ya alumini, nyepesi, na Baba alimsimulia kila mtu habari zake, hata kanisani, kama vile ameizaa yeye. Pamba za watu alizobeba kwa malipo zilifika Tororo salama, Mama akaanza kukarabati zizi. Kisha siku moja, kwenye mwinuko, lori la mfanyabiashara mwingine likampita Baba na kummwagia vumbi jekundu juu ya koti la Jumapili. Vumbi hufuliwa likatoka, lakini yeye aliapa kwamba lazima injini iongezwe nguvu za farasi.

Tukavuka mpaka kwenda Busia, ng'ambo ya Kenya, kwa fundi Wandera, mtu wa maneno mengi aliyetema mate kila alipomaliza kusema. Aliahidi kupanua silinda na kutia pistoni kubwa zaidi. Mama, aliyekuja na chakula chetu kikapuni, alimtazama akiifungua injini.

"Fundi, gari nakwenda muzuri," alisema. "Sasa nyinyi nataka ikwende wapi?"

"Wewe nyamaza," Baba akadakia. "Hii kazi ya wanaume."

Kwanza bloku ilitakiwa kuoshwa. Wandera alizoea kuchemsha bloku za chuma katika pipa la maji na kostiki mpaka grisi yote itoke, basi na yetu akaitumbukiza humo humo. Likafoka povu la kijivu, zito, lenye uvundo wa kukata pumzi, likafurika mpaka kwenye viatu vyao. Baba akapiga makofi. "Ona! Uchafu ya muzungu natoka!" Wakaongeza kostiki, wakaenda kula samaki. Kinachonitia kinyaa ni hiki: kwetu hakuna asiyejua kwamba mboga za maji ya majivu hupikwa kwenye chungu, kwa sababu majivu hula sufuria za alumini, na kostiki ni kali kuliko majivu. Baba mwenyewe aliwahi kumgombeza Mama kwa sufuria iliyotoboka hivyo. Aliyajua hayo jikoni, akayasahau alipovuka mpaka.

Walipoitoa, bloku ilikuwa imeliwa kama muhogo uliopitiwa na mchwa. Wandera akatema mate. Baba akatangaza kwamba amerogwa na mwenye lile lori lililompita. Amerogwa! Mtu anachemsha mali yake kama maharage, anaishangilia, halafu anamtafuta mchawi. Mtaka yote hukosa yote, na hana hata haya ya kunyamaza.

Mabaki yalichukuliwa na mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu kuwa sufuria, wakampa Baba sufuria moja. Alipomkabidhi Mama, Mama aliigeuzageuza, akauliza, "Maksai wangu ndio hawa?" Alichukua jembe, na alilima kwa mkono mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Siku hizi barabara ya Tororo ni lami, vumbi halimfuati mtu, na vijana huongeza nguvu za pikapu zao na wengine hufanikiwa. Mimi sishangilii. Ile sufuria bado ninayo. Mama hakupika chakula ndani yake hata mara moja. Aliiweka mlangoni kunyweshea nguruwe, mahali ambapo Baba alilazimika kuiruka kila asubuhi mpaka alipokufa. Nami nimeiacha pale pale.