Siku Bibi Alipokataa Kuimba Jukwaani kwa Kibatari

Uongo wangu mmoja ulifufua maiti hapa Tabora, mbele ya uwanja uliofurika watu, jua likiwa bado linawaka.

Sijatia chumvi. Kama unakula, maliza kwanza ndipo usome. Humu kuna mambo yatakayokutoa hamu hata ya maji.

Naitwa Xavery. Nasoma bweni, kidato cha tano, na nidhamu yangu imejadiliwa na vikao vingi vya walimu wenye hekima. Likizo hiyo nilikuwa Gongoni, hapa hapa mjini, kwa mama mdogo, nikijitahidi kwa dhati kuwa raia mwema.

Ndipo Bibi Apolinaria akashuka na treni kutoka Kigwa. Kitenge kipya, raba nyeupe za kwendea kanisani.

"Xavery, nipeleke uwanjani. Leo naimba."

"Kwaya ya parokia, Bibi?"

"Kwaya gani? Naimba na Kibatari."

Kama humjui Kibatari, nakupongeza. Ni yule rapa anayechanganya kila kitu. Anachana, anaruka kwenye singeli, anadondokea kwenye taarabu, anamalizia na ngoma za kwetu. Ni kama mtu aliyemwaga viporo vyote vya wiki kwenye sufuria moja akaviita pilau.

Ziara yake aliiita Msafara. Anafuata ile njia ya zamani, kutoka pwani mpaka Ujiji. Kwenye mabango kabeba pembe za ndovu za plastiki begani, anacheka. Babu zetu walibeba za kweli na hakuna aliyewapiga picha wakicheka.

Lakini wimbo uliompaisha ni ule wa mama yake. Anachana jinsi mama alivyofariki, akazikwa bila hata wa kumwimbia. Halafu kwenye kiitikio inaingia sauti ya mama mzee anamlilia mama kwa Kinyamwezi, "mayu, mayu," mpaka nywele zinakusimama.

Sauti hiyo ni ya bibi yangu.

Mwaka jana Kibatari alifika Kigwa na kinasa sauti. Akakaa kwenye mkeka wa Bibi, akalia kamasi zikamtoka. Alisema mama yake amefia Dar, na hakuna aliyemuaga kwa wimbo.

Sasa elewa kitu kimoja. Kwa kina Bibi, wimbo ule wa kuaga huimbwa kaburi likishafukiwa. Haufanyiwi mazoezi. Akiwafundisha wenzake, anauguna tu bila maneno. Kumwimbia mtu aliye hai ni kumzika kwa mdomo.

Bibi alimwonea huruma yatima. Akaimba wote, na maneno yake yote.

Yatima akaahidi: "Bibi, siku nikija Tabora utaimba mwenyewe jukwaani. Watu wakuone."

Wimbo ukavuma nchi nzima, na jina la Bibi halikutajwa popote. Wanawake wenzake wa jumuiya wakaanza kumcheka. "Apolinaria, sauti ile ya mashine unajisingizia wewe?" Mwaka mzima alikuwa anameza maneno hayo. Ndiyo maana alivaa raba nyeupe.

Tulikwenda watatu: mimi, Bibi, na binamu yangu Elieth, aliyejiandika KIBATARI shavuni kwa wanja.

Uwanjani palinuka. Kulikuwa na ukuta mmoja ambao upande huu watu wanakaanga chipsi, na upande ule watu wanakojoa, na upepo hauna upendeleo. Mtu mmoja alitapika, akajifuta mdomo, akaendelea kucheza palepale juu yake. Niliomba dua fupi kwa ajili ya viatu vyangu.

Kibatari akaingia amevaa koti la manyoya. Kwenye joto lile. Akachukua chupa ya maji, akasukutua mdomo, halafu akawatemea watu wa mbele.

"Pokeeni baraka za msafara!"

Nao wakapokea! Wengine walifungua midomo. Nilimwona kijana mzima, mwenye ndevu, akijipaka lile tone usoni kama mafuta ya upako.

Elieth akapiga kelele: "Limenigusa! Xavery, limenigusa!"

"Kanawe."

"Una wivu wewe."

"Elieth, hayo yametoka kwenye meno ya mtu."

"Ya Kibatari!"

Nikaacha. Kuna wagonjwa ambao hata hospitali ya Kitete wakifikishwa, daktari anatikisa kichwa tu.

Nilimpeleka Bibi kwenye geti la nyuma ya jukwaa. Meneja akatoka, kijana wa miwani ya giza.

"Bibi, sauti yako tunayo kwenye kompyuta. Wewe mwenyewe huhitajiki tena. Kaa kivulini hapo, utaletewa soda."

"Sikuja kunywa soda, mwanangu. Niliahidiwa."

"Mambo ya jukwaa huyajui, Bibi." Akaingia ndani.

Bibi akabaki ameshika pindo la kitenge.

"Xavery, Kigwa nitawaambia nini?"

Hapo uraia mwema ukaniisha.

Getini alibaki baunsa mmoja, kifua kama kabati, jina lake Godbless. Nikamwendea kwa heshima zote.

"Shikamoo kaka. Huyu ni mama mzazi wa Kibatari."

Neno lilinitoka kabla akili haijafika. Katika akina mama wote wa nchi hii, nilimchagua yule ambaye ni maarufu kwa kufa!

Nikaanza kutafuta njia ya kukimbilia. Lakini Godbless akakaa sawa kama askari.

"Shikamoo mama! Samahani sana. Mimi nimeokoka, miziki yao ya dunia siisikilizi, hata familia zao sizijui. Piteni."

Bibi akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na hema. Kibatari alikuwa amepumzika, anakula paja la kuku huku anabadilishiwa koti. Godbless akaingiza kichwa.

"Bosi, mama yako mzazi amefika."

Nilitegemea acheke. Nilitegemea makofi. Miguu yangu ilikuwa tayari.

Badala yake paja la kuku likamwanguka.

"Nani kamwambia aje? Si nilimkataza asitoke Nzega? Mzuieni! Mtafutieni gari arudi sasa hivi, kabla watu hawajamwona!"

Wakuu, nimeshuhudia mengi bwenini. Nimeona panya kwenye pipa la maharage, na maharage yakapakuliwa. Lakini sijawahi kusikia kinyaa kama kile. Nchi nzima imemlilia mwanamke yule. Elieth aliwahi kufunga siku nzima kumwombea.

Bibi akampita Godbless, akaingia. Kibatari alipomwona, akashusha pumzi na kucheka.

"Aaah! Kumbe ni Bibi wa Kigwa! Mmenitisha bwana."

Kile kicheko ndicho kilichonichefua kuliko yote.

Bibi hakucheka. "Mama yako yuko Nzega?"

"Bibi, hii ni sanaa. Watu wanataka kuguswa..."

"Nimekuuliza, yuko Nzega?"

"Yupo."

"Anapumua?"

Kibatari akatazama chini. "Anapumua."

Bibi akakaa juu ya boksi la spika. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akajifuta tena, kama mtu aliyeng'amua ameonja kitu kilichooza.

"Umenizikisha mtu mzima wa afya. Kwa mdomo wangu huu."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini. Aliyeimbiwa wimbo ule kimakosa lazima aitwe jina lake mbele ya waliousikia, naye aitike mwenyewe. Bila hivyo aliyeimba hatakuwa na amani, wala huyo mama hatakuwa salama.

Nje watu walikuwa wanaimba, "Mama! Mama! Mama!" Walikuwa wanautaka wimbo.

Nikasema kwa unyenyekevu: "Kaka Kibatari, Bibi anapanda na wewe. Ama nitoke hapo nje niwape salamu kutoka Nzega?"

"Dogo, unanitisha?"

"Hapana kaka. Nakutangaza."

Akapiga hesabu zake usoni. Halafu akavaa tabasamu, akamshika Bibi mkono, wakapanda. Mimi nyuma yao, maana hakuna aliyenizuia.

"Tabora! Nimewaletea sauti yenyewe!"

Uwanja ukalipuka. Bibi akasimama pale, raba zake nyeupe, maelfu wanampungia simu. Kile alichokitaka mwaka mzima kikawa mbele yake.

Mdundo ukaanza. Na kabla hajafungua kinywa, sauti yake ikatoka kwenye spika: "Mayu, mayu..."

Bibi amefumba mdomo, na sauti yake inalia juu ya vichwa vya watu. Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa kama kumwona mtu na mzimu wake mwenyewe.

"Zimeni," akasema kwenye maiki.

Fundi wa muziki akamtazama meneja. Meneja akatikisa kichwa. Godbless, mtumishi wa Mungu, akang'oa waya wa kompyuta.

"Wanangu, hamjambo?"

"Hatujambooo! Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Wimbo huu ni wa aliyefukiwa. Mama wa huyu kijana hajafukiwa. Yuko Nzega."

Watu wakaguna. Kibatari akacheka kwenye maiki yake. "Bibi yetu jua limemchosha, jamani, mpigieni makofi..."

Alikuwa ameshika simu, anajirekodi. Bibi akamnyooshea mkono, kiganja juu, bila neno.

Ukizaliwa huku kwetu, mzee akikunyooshea mkono hivyo, unatoa kilichomo mkononi mwako. Huulizi. Yule mtoto wa mjini, mwenye koti la manyoya, akapiga goti kidogo na kumkabidhi simu kwa mikono miwili. Alishtuka ikiwa imeshaondoka.

"Xavery, wewe msomi. Mtafute mama yake."

Sikutafuta sana. Ameandikwa "Mama", na kopa jekundu pembeni. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu, nikaisogeza kwenye maiki.

"Haloo, Sayi?" Kumbe Kibatari nyumbani ni Sayi.

Uwanja ukawa kama kanisa.

"Sayi, mbona kelele? Uko sokoni? Umekula?"

Bibi akainama. "Mwenzangu, mimi ni Apolinaria wa Kigwa. Jina lako nani?"

"Naitwa Martha. Kuna nini?"

Bibi akageukia watu. "Wimbo mliusikia wote. Mwiteni wote."

"MARTHAAAA!"

"Abee!" Sauti ikatetemeka. "Abee jamani! Sayi, umefanya nini huko?"

Bibi akafumba macho. "Kaa salama, mama." Akamrudishia Kibatari simu yake, naye akaipokea kama kaa la moto.

"Imba Bibi! Imba!" Watu wakapagawa.

Alitazama watu wale muda mrefu. Nilijua anavyoutaka wimbo ule.

"Nilikuja kuimba," akasema. "Lakini huu ni wa maiti, na maiti hayupo."

Akashuka.

Hapo unategemea chupa zirushwe, sivyo? Hata mimi.

Kibatari akapiga magoti. Akatoa machozi, sijui huyahifadhi wapi. "Tabora! Leo mama yangu amefufuka!" Singeli ikafunguliwa, akasukutua maji, akawatemea. Na watu wakaruka wakifungua midomo!

Elieth alikuwa analia, wanja umemshuka mpaka kidevuni. "Umeona ubunifu ule, Xavery? Kumpigia mama live!"

Nilikwenda kwenye ule ukuta wa chipsi na mikojo, nikatapika kwa moyo wangu wote.

Nyumbani Gongoni, Bibi aliomba maji, akasukutua taratibu, akayatema chini ya mpapai. Kisha akaomba ugali.

"Bibi, hata hukuimba. Kigwa utawaambia nini?"

Akamega tonge. "Nitawaambia niliita, nikaitikiwa."

Akala vizuri sana.

Funzo, kwa wale msiolala bila funzo: msanii akikulilia mno mama yake, mpe pole kwa adabu. Halafu mwombe namba ya simu ya marehemu.