Kasha Lililopanda Hadi Juu

Kinyozi huyu walimwita Jaji, na si kwa sababu aliwahi kumfunga mtu. Alihukumu muziki. Mteja akikaa kitini na kuropoka kwamba mwimbaji fulani ni moto wa kuotea mbali, Jaji alizima mashine ya kunyolea, akaiweka juu ya taulo, akamtazama kupitia kwenye kioo na kumuuliza swali moja tu: "Umesikiliza albamu nzima?" Kama mtu alikuwa ameokoteza wimbo mmoja huku na mwingine kule, hakuwa na kesi. Kwa Jaji, albamu husikilizwa tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hata ikiwa mbovu, maana hakuna mtu anayetoka kwa kinyozi na nusu kichwa akasema imetosha.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, kiti cha kuzunguka ambacho kilishagoma kuzunguka, benchi la wanaosubiri, na rafu iliyobeba redio ya sidii pamoja na rundo la makasha. Binti yake alimweleza zaidi ya mara moja kwamba siku hizi mtu anatembea na nyimbo za dunia nzima ndani ya simu. "Za dunia nzima nazitakia nini?" Jaji alimjibu. "Mimi hizi zangu tu zinanishinda kuzimaliza."

Lile rundo lilikuwa na sheria yake. Albamu mpya ilianzia chini kabisa. Kila iliposikilizwa nzima, kasha lake lilipanda ngazi moja, likakaa juu ya lile lililokuwa limelikalia. Basi, hakuna jingine. Ilipofika Jumapili ya mwisho ya mwaka, wateja na majirani walijibana kibandani, mke wa Jaji akaja na birika la chai, na Jaji akasoma rundo kuanzia juu kwenda chini, polepole, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Kisha albamu iliyoshika kileleni ilipigwa yote, mtu asinyanyuke. Ulikuwa uchaguzi usio na wizi wa kura. Mwaka mmoja mkewe alipokuwa akipangusa vumbi aliipandisha albamu ya kwaya yake ngazi mbili kwa siri. Jaji aligundua siku ileile, akairudisha mahali pake, na jioni hiyo alikula amempa mkewe mgongo.

Albamu zilipanda kwa kazi, si kwa sifa tu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti nzito, nyimbo zake za taratibu, na huyo ndiye aliyewekwa siku za wembe. Zile za kurukaruka, walizozipenda vijana waosha magari wa ng'ambo ya barabara, zilipigwa wakati wa mashine peke yake, tangu siku ile kiitikio kilipomnogea Jaji na karani mmoja akaenda kazini na unyusi nusu. Halafu kulikuwa na albamu ya gitaa tupu, isiyo na mwimbaji, ambayo ilikuwa ya jirani yake, fundi cherehani aliyeitwa Sindano. Vibanda vyao vilitenganishwa na ubao tu. Gitaa likianza, cherehani ya Sindano nayo ilishika kasi, na wateja walioziona suruali zake waliweza kukuambia ipi ilishonwa kwa albamu gani.

Ila kulikuwa na mwimbaji mmoja ambaye hakupigwa mle ndani, na kila mtu alijua. Naye ni mdogo wake Jaji, wa tumbo moja. Mabango yake yalibandikwa hadi kwenye ukuta wa choo cha stendi. Miaka michache nyuma alihojiwa redioni, na Jaji alikuwa ameongeza sauti mpaka spika zikalia, kibanda kimejaa, amewaambia wote wanyamaze. Mtangazaji akauliza: muziki ulijifunzia wapi? Yule bwana mdogo akacheka, akasema, "Nilijifunza mwenyewe. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua hata kupiga makofi."

Wateja walicheka. Jaji alizima redio, akaendelea kunyoa, na kwa mara ya kwanza watu wakaisikia mashine yake peke yake. Mwisho akasema, "Huyo hapigwi hapa tena." Mdogo wake alipiga simu siku hiyo, akapiga kesho yake, akapiga wiki nzima. Jaji aliiangalia simu ikitetemeka juu ya meza hadi ikakoma yenyewe. Ana kichwa kigumu, na ninaposema hivyo simsingizii, mkewe ndiye wa kwanza kusema.

Iliuma kwa sababu ilikuwa uongo, na uongo wenyewe ulimgusa yeye. Walipokuwa watoto, mdogo aliimba nyuma ya nyumba na Jaji alimpigia chupa kwa kijiko. Ndiyo ilikuwa bendi. Chupa ya soda, kijiko cha mama, na kaptula ya Jaji, aliyorithi kwa mjomba, pana, lastiki imekufa. Kila walipofika mwisho wa kiitikio kaptula nayo ilikuwa imefika mapajani, hivyo Jaji aliacha pigo moja ili aipandishe. Mtoto yule alizoea. Kila wimbo alioutunga, hapo alivuta pumzi akamsubiri kaka yake. Waliimba hivyo utoto wao wote, na pengo lao katikati ya wimbo.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka huu ninaousimulia, Jaji alifungua droo ya mataulo asubuhi na akakuta sidii mpya imelazwa humo. Hakuhitaji kuuliza nani ameiweka. Mkewe na shemeji yake hawakuwahi kukatiana mawasiliano, na mwanamke yule ana njia zake. Kwenye kava kulikuwa na picha ya mdogo wake akitabasamu. Kitu cha kwanza Jaji alichokiona ni nywele. "Nani kamfanyia mtoto wa watu unyama huu?" alisema peke yake. Upande mmoja ulikuwa juu, mwingine chini, na mstari wa mbele umepinda.

Alifunga mlango, akaiweka kwenye redio, akashusha sauti na kuanza kufagia. Alijiambia anatafuta makosa. Aliyapata mawili matatu, akafurahi nayo. Angeweza kuizima hapo, lakini Jaji hajawahi kukatisha albamu, akasikiliza mpaka wimbo wa mwisho. Na katika wimbo wa mwisho, nyuma ya sauti ya mdogo wake, ikaingia chupa. Ting, ting, ting. Kiitikio kikafika mwisho, na pale chupa ikanyamaza pigo moja.

Jaji alisimama na ufagio mkononi. Akaurudisha nyuma wimbo. Pengo lilikuwepo. Kiitikio cha pili, lipo. Mkono wake wa kushoto, bila kuagizwa, ulikuwa umeshika kiuno cha suruali.

Hapo mwingine angenyanyua simu. Jaji aliogopa. Huenda ni yeye aliyekumbukwa, na huenda ni mpiga chupa fulani wa kukodi aliyesinzia kazini, wakaona aibu kurudia. Je, akipiga simu halafu aambiwe, "Ah, pale? Pale jamaa alikosea"? Angebaki na nini? Kwa hiyo hakuuliza. Alisikiliza tena kesho yake alfajiri kabla ya kufungua, na keshokutwa, karibu kila asubuhi ya mwaka mzima, akijaribu kusikia kama ukimya ule ni wa mtu aliyekosea au wa mtu anayesubiri.

Ilibaki shida ya rundo. Kusikiliza albamu nzima bila kupandisha kasha kungekuwa wizi, na jaji mwizi ni jaji gani? Lakini kasha lenye sura ile lisingeweza kukaa rafuni baada ya maneno aliyoyatamka. Akapata ujanja. Chini kabisa ya rundo kulikuwa na kasha la bendi moja ya wazee, tupu, kwa kuwa sidii yake Jaji mwenyewe aliikalia siku moja ikavunjika, akanyamaza nayo. Akaitia sidii ya mdogo wake humo, na kava lile la nywele mbovu akalirudisha chini ya mataulo. Kuanzia hapo, kila asubuhi, kwa uaminifu wote, alikuwa akilipandisha kasha la wazee ngazi moja. Hesabu ya mwisho wa mwaka haikumpitia kichwani. Mtu mwenye akili timamu angeiona inakuja.

Jumapili ya mwisho ilipofika, kasha la wazee lilikuwa kileleni, limewaacha mbali gitaa, kwaya na yule mama mwenye sauti nzito. Benchi lilijaa, waliokosa nafasi wakaegemea ukuta. Jaji alisoma matokeo harakaharaka, akakohoa, akasema mwaka huu watu wana shughuli nyingi, wanaweza kunywa chai yao wakaenda.

"Ngoja kwanza," Sindano alisema. "Jaji, mimi na wewe tunatenganishwa na ubao. Ukipiga chafya nasikia. Hii bendi ya wazee nimeiona inapanda kama ina miguu, lakini wimbo wake sijausikia hata mmoja."

"Naisikiliza asubuhi. Wewe unakuwa bado unakoroma."

"Sawa. Basi leo niko macho. Ipige."

"Redio imechoka."

"Mbona sasa hivi ilikuwa inaimba?"

Jaji alimtazama mkewe amwokoe. Mkewe alikuwa anamimina chai, hakuinua hata macho. "Mshindi hupigwa, mume wangu," alisema. "Sheria si ni yako?"

Sindano alilifungua kasha mwenyewe, akaitumbukiza sidii bila kuisoma. Sauti ilipotoka, hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Watu walitazamana. Kisha kijana mmoja mwosha magari akajipiga kofi gotini, akapaza sauti, "Jaji kaumbuka!" na kibanda kizima kikaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Jaji alichukua ufagio akaanza kufagia mahali pasipokuwa na unywele hata mmoja.

Lakini sheria ni sheria, wakaisikiliza yote. Kicheko kiliisha kwenye wimbo wa pili, kwani ilikuwa albamu nzuri, tuseme ukweli. Wimbo wa mwisho ukaja. Chupa ikaingia, kiitikio kikafika mwisho, na Sindano, ambaye hana baya na mtu, akatikisa kichwa. "Nyimbo safi. Ila huyu mpiga chupa hajui kazi. Karuka pigo." Akasikiliza tena. "Haya, karuka tena palepale. Wangemlipa nauli aende kwao."

Jaji aliacha kufagia. Ndilo jambo aliloliogopa mwaka mzima, na sasa limesemwa mbele za watu. Angemjibu Sindano, lakini hakuwa na uhakika. Mkewe alimwona uso ulivyobadilika. Aliweka birika chini, akatoa simu yake, akabonyeza, akaiweka kwenye spika juu ya meza, katikati ya mashine na chanuo.

"Shemeji!" sauti ileile iliyokuwa redioni iliitika. "Kwema huko?"

"Kwema. Kaka yako yuko hapa, ana swali."

Watu wote waligeuka kutazama kioo, kana kwamba huko hawasikii. Jaji aliinama juu ya meza.

"Wimbo wa mwisho," alisema. "Ile chupa. Nani alipiga?"

"Nimepiga mwenyewe, kaka."

"Mbona kuna mahali imeruka?"

"Haikuruka." Mdogo wake alivuta pumzi. "Nilimweka mpiga ngoma, akawa anapaziba. Nikamweka mwingine, naye akapaziba. Nikawaambia, hapo msubiri, kaka anapandisha kaptula. Wakaniona nimechanganyikiwa. Nikachukua kijiko nikapiga mimi."

Machozi yalimtoka Jaji, akayafuta kwa taulo la wateja lenye poda, akabaki na uso mweupe kama mwiko wa ugali. Hakuna aliyecheka.

"Yale maneno ya redioni," mdogo wake aliendelea, "nilitaka kujikweza. Nilijua nimekosea kabla sijavua yale maspika masikioni. Nikapiga simu, hukupokea. Nikasema, basi wimbo wa chupa nitauweka mwisho kabisa wa albamu. Hata akinichukia vipi, kaka haachi albamu katikati."

"Umeshika namba moja," Jaji alisema.

"Namba moja wapi?"

"Hapa. Rafuni."

Sauti ya simuni ilikuwa imelowa. "Asante, kaka."

"Usinishukuru, rundo halina upendeleo." Jaji alipenga kamasi. "Sasa nisikilize. Kwenye ile picha, nani kakunyoa?"

"Kuna jamaa huku."

"Kakuharibu. Siwezi kuwa na mshindi mwenye kichwa cha namna ile. Njoo nikutengeneze."

"Nitakuja. Lakini nikija tutaimba. Utanipigia chupa?"

"Nitapiga," Jaji alisema, akajishika kiunoni. "Ila nikuambie mapema, siku hizi navaa mkanda."

"Siku hiyo uuache nyumbani, kaka."