Kidole Gumba cha Muuguzi

Mpaka leo mshonaji akianza kuvuka sebule yake kwa mkongojo, sauti ya yule muuguzi humjia masikioni: "Haya mama, tayari? Nenda." Kwa miaka miwili ya utafiti wa dawa ya maradhi ya mshonaji, yale yanayokula utando wa mishipa ya fahamu na kuilegeza miguu, sauti hiyo haikupanda wala kushuka. Muuguzi alivaa raba zisizo na mlio, na saa ya kupimia mbio ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Kila mwezi alisimama kwenye utepe mwekundu mwisho wa korido, akimpima mshonaji sekunde za kutembea mpaka hapo, kidole gumba juu ya kitufe cha saa, midomo ameibana. Kumtia moyo mgonjwa kulikatazwa, maana kungeharibu vipimo. Hata yeye hakujua nani anameza dawa na nani anameza vidonge visivyo na kitu. "Nikianguka utaandika sekunde?" mshonaji alimtania siku moja. "Nitaandika, mama. Kisha nitakuokota." Wala hakucheka.

Siku ya mwisho mshonaji alijikokota vibaya kuliko siku zote. Muuguzi akaandika, akafunga faili, akavua ile saa na kuiweka mezani. "Kazi ya watafiti imekwisha," akasema, akamshika mkono. "Sasa twende tena, mimi na wewe." Wakaenda polepole, wakivisengenya viatu vya daktari wa utafiti, wakicheka mpaka wakalazimika kusimama. Na mguu wa mshonaji ulipogusa utepe, kile kidole gumba kikambonyeza mkononi, kwa mazoea tu.