Pumba za Kijiko

Asubuhi ile ya baridi pale Kihesa, miaka ya sabini, naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya.

Nilikuwa mwalimu kijana, nikiishi na baba yangu, aliyekuwa amestaafu udereva wa lori la mpunga kutoka Rujewa. Alikuwa na kisukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichovimba na kukataa kupona. Muuguzi wa hospitali ya misheni, mama mmoja wa Kibena mwenye sauti ya chini, alitueleza kila kitu taratibu. Baba ameze dawa zake, aache kujaza sukari kwenye chai, ale ugali wa dona, ule wa mahindi yasiyokobolewa, maharage na mboga za majani, na anywe maji ya kutosha. Akasema ganda la mahindi lina nyuzinyuzi, nazo husaidia sukari isipande kwa kasi.

Katika maneno yote hayo, mimi nikabeba moja tu: ganda.

Ni kiburi, mwanangu. Nyumbani kwa mwalimu, nilidhani, ugali sharti uwe mweupe. Wageni wakikuta dona mezani watasemaje? Basi nikaendelea kukoboa mahindi. Pumba tulizokuwa tukiwapa kuku nikazichekecha, nikawa namkorogea baba vijiko vitatu kwenye chai, asubuhi na jioni. Sukari ikabaki ileile. Maharage nikasema yanachelewa kuiva. Maji baba hakuyapenda, na mimi sikumhimiza. Nikajiona mtaalamu.

Baba hakuwa mtu wa kulalamika. Wiki ya pili tumbo likajaa, likawa gumu kama ubao, na siku nne hakupata choo. Asubuhi hiyo ninayokwambia nilimkuta amejikunja ukutani, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, ananiomba msamaha kwa kunichelewesha shuleni. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Majirani walinisaidia kumpakia kwenye gari la parokia.

Hospitalini, daktari aliposema utumbo umeziba ila hatapasuliwa, yule muuguzi alinivuta pembeni kuuliza baba alikuwa anakula nini. Nikamweleza habari za vijiko vyangu, tena kwa majivuno kidogo.

"Mwalimu," akasema, "nilikwambia umpe chakula. Wewe umempa pumba."

Nikajitetea kwamba nilitaka kumsaidia.

"Ulitaka kumsaidia bila kubadilisha kitu," akajibu, akarudi wodini.

Baba aliporudi nyumbani, mwalimu mkuu alikuja kumjulia hali. Nikaandaa dona, nikaiweka mezani kwa aibu. Mwalimu mkuu akala, akaomba aongezewe. Baba akacheka mpaka machozi. Miezi ilipita, sukari ikatulia, uvimbe ukapungua, kidonda kikafunga polepole. Sisemi ni dona peke yake. Dawa hakuacha, na kidonda tulikisafisha kila siku.

Sasa wewe, mwanangu, unanichosha. Umenunua kopo la unga wa nyuzinyuzi, unaukoroga kwenye soda, halafu mchana unakula chipsi. Unaniambia unga huo unalisha bakteria wazuri wa tumboni na kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani. Huenda ni kweli, sibishani na wataalamu. Lakini mboga umekula lini? Ukiulizwa unacheka, kama vile nimesema kichekesho.

Sikiliza basi, maana nimesema mara nyingi na nimechoka kurudia. Kwanza chakula chenyewe: nafaka isiyokobolewa, kunde, mboga, matunda. Unga wa kopo uwe nyongeza, usiwe kisingizio. Ukiutumia, anza na kidogo, kunywa maji, na kama una ugonjwa au unameza dawa, muulize daktari kabla. Na ukipewa ushauri wenye mambo matano, usichague lile moja lisilokusumbua.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mwili wenye nguvu na miaka mingi, na akujalie watoto watakaokusikiliza kuliko unavyonisikiliza mimi.