Punda wa Ngome na Mlango wa Baba

Sisi tuliokulia mtaa wa Najma, Doha, kabla simu hazijawa na akili kuwashinda wenye nazo, tulikuwa watu. Watu kamili, nakwambia. Tulicheza brikicho kwenye korido ya ghorofa ya tatu, watoto wa Mombasa, wa Kerala na wa Manila, tukagombana kwa lugha nne na kupatana kwa lugha ya tano ambayo mpaka leo haina jina. Joto la Julai lilikaanga yai juu ya boneti ya gari. Mimi mwenyewe nimelikaanga, nikalitia chumvi, nikalila, na nusu nikampa paka. Maji ya bomba yalitoka yamechemka kabisa, Mama alikuwa anatia majani ya chai tu. Leo hii kijana wa Doha eisi ya kupoza chumba ikimzimikia dakika kumi, anampigia mwenye nyumba, anampigia mamake, na akibakiwa na pumzi anatangaza mtandaoni kwamba anakufa.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za mayai. Nataka kusimulia habari za ngome moja ya mpakani, kwa sababu nimesikia wanavyoisimulia kombo siku hizi.

Baba yangu, Mzee Mwadime, Mtaita wa watu, alikuwa mlinzi wa gofu. Ndiyo, gofu. Nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwa gari, palikuwa na ngome ya mawe ambayo hakuna aliyejua umri wake. Zamani za kale makabila mawili yalipakana hapo, huku malisho ya hawa, kule malisho ya wale. Kuta tatu zilikuwa zimesimama kwa ubishi tu, ya nne ilishabomoka nusu. Kulikuwa na mnara mmoja, kisima kimoja kikavu, na mijusi minene kama watoto wa mbuzi. Kampuni ya ulinzi ilimpa Baba kibanda, filimbi na daftari. Kila saa alitakiwa azunguke kuta zote, kisha aandike hali ilivyo. Na kila saa aliandika vilevile: “Kuta zipo.”

“Mwadime, nani ataiba ukuta?” Saidi alikuwa akimuuliza. Saidi alikuwa dereva, mtu wa Likoni, rafiki wa Baba na mdomo wake haukuwa na breki. Kila Ijumaa alitupakia mimi na Baba kwenye pikapu yake, maana Ijumaa shule ilifungwa na Mama alikuwa zamu hospitalini. Mama ndiye aliyekuwa muuguzi, na sisi sote tulikuja Qatar kwa viza yake. Kwenye karatasi, kafili wa Baba, yaani mdhamini wa viza yake, alikuwa mkewe. Wanaume wa Najma walikula raha na jambo hilo kama sambusa za bure.

“Kafili amekuruhusu kutoka leo?” Saidi alimtania. “Au pasipoti ameilalia?”

“Ameilalia,” Baba alijibu, “na mimi pia amenilalia, wewe unalala na nani?”

Baba alicheka naye. Ila mimi nilikaa katikati yao kwenye kiti cha pikapu, nikamwona anavyoanza kutazama nje ya dirisha kicheko kikiisha.

Basi, tukienda gofuni, Mama ametufungia chapati zilizokunjwa na maharagwe ya nazi, na chupa ya chai ya karak yenye iliki ya kuamsha wafu. “Mrudishe mtoto na masikio yote mawili,” Mama alikuwa akimwambia Baba kila Ijumaa, kwa sababu upepo wa huko ulikuwa na mchanga wa kukwangua sufuria. Nilifanya kazi ya shule kibandani, kisha nikamfuata Baba mzunguko wa saa nne, wa saa tano, wa saa sita. Watoto wa leo wanapelekwa kwenye maduka makubwa kupanda magari ya kuchezea yanayokwenda mbele hatua mbili na kurudi hatua mbili. Mimi nilikuwa na ngome nzima. Niliivamia, nikaitetea, nikaisaliti na kujisamehe, yote kabla ya chapati.

Watalii walikuja wachache wachache. Wote waliuliza swali moja: nani aliishi hapa? Baba hakuwa ameambiwa. Wiki ya kwanza alijibu “sijui,” wakampita kama mojawapo ya yale mawe. Wiki ya pili alitunga punda.

Wee! Punda yule alikuwa punda. Baba alisema mkuu wa ngome alikuwa na punda mweupe aliyenusa wapelelezi. Adui akivuka mpaka tu, hata kama amejifunika ngozi ya kondoo, punda alipanda juu mnarani, ngazi zote thelathini, akalia mara tatu. Kwenye ukuta wa mnara palikuwa na kishubaka kilichobonyea. Baba alisema ni alama ya makalio ya punda, alipokuwa akipumzika baada ya kazi. Watalii walipiga picha ya makalio hayo. Mmoja aliyagusa kwa heshima! Na Baba, ambaye Najma nzima alijulikana tu kama mume wa muuguzi, alisimama pale kifua mbele na watu wazima wamemtulizia macho.

“Ni kweli, Baba?” nilimuuliza.

“Punda nimemtunga nikisubiri chai ipoe,” alisema. “Njoo nikuonyeshe cha kweli.”

Akanipeleka kwenye ukuta wa nne, upande wa kisima. Pale palikuwa na tundu ambalo kila mtu alidhani ni ukuta tu umebomoka. Baba, kwa kuzunguka hapo kila saa kwa miaka mitatu, alikuwa ameona kwamba mawe ya pembeni yamenyooka mno kuwa bahati mbaya. Akachimba mchanga kidogo kwa mkono, akakuta kizingiti. Akakisugua kwa brashi yake ya viatu, ile aliyokuwa hamwazimi hata Saidi. Kilikuwa jiwe moja refu, na upande wa kushoto lilikuwa limelika, limefanya bonde dogo laini kama ndani ya kijiko.

“Weka mguu, Wakesho. Wa kushoto.”

Niliweka. Mguu wangu uliogelea mle, pakabaki nafasi ya vidole vitatu.

“Mtu aliyebeba kiriba cha maji bega la kulia hutanguliza mguu wa kushoto,” alisema. “Wamekanyaga hapa mpaka jiwe limekubali. Huu ndio mlango. Unatazama kisima, hautazami adui. Waliojenga ngome hii, mwanangu, hawakuogopa majeshi. Waliogopa kiu. Mpaka ulikuwa kisima.”

Hakuwahi kuwaambia watalii jambo hilo. Nadhani aliona halina mkia wa kuchezesha.

Nilipokuwa darasa la sita, wakaja wa kukarabati. Mhandisi alikuwa mtu wa miwani myeusi na ramani ndefu kama shuka ya kitanda. Siku ya kwanza Baba akamkaribisha kwa kisa cha punda, mhandisi akacheka mpaka akafuta machozi, akaandika kila kitu kwenye kidaftari. Siku ya pili, ilikuwa Ijumaa na mimi nipo, Baba akaona kwenye ramani kwamba lile tundu la kisimani litazibwa, na lango jipya litafunguliwa upande wa barabara ili mabasi yaegeshe karibu.

Baba akavua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona akimvulia mtu kofia.

“Bosi, pale si tundu. Ni mlango. Kuna kizingiti, njoo ukione.”

Mhandisi akamtazama, akatabasamu. “Mlinzi, jana punda, leo mlango. Kesho utaniletea nini, ngamia anayesoma gazeti?”

Wafanyakazi wakacheka. Baba akajaribu tena, akaeleza kiriba, bega la kulia, mguu wa kushoto, na kadiri alivyoeleza kwa usahihi ndivyo walivyozidi kucheka, maana walikuwa wanasubiri punda atokee. Na mimi mtoto nikataka kupiga kelele kwamba hili ni la kweli, hili silo lile, nikabaki nimeikumbatia chupa ya chai.

Jioni ile aliandika daftarini: “Kuta zipo. Mlango upo.” Akaandika hivyo kila saa, wiki nzima. Msimamizi wake aliposoma akaona mzee ameanza kuchanganyikiwa na jua, akamhamishia Al Rayyan kulinda maegesho ya magari. Mwaka uliofuata mkataba wa Mama uliisha, tukarudi Taita, na huko, miaka ya baadaye, shule ikanikatikia kidato cha pili.

Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, masomo ya jioni, nimekaa dawati moja na bibi aliyekuwa na wajukuu kumi na saba. Siku mwalimu wa historia aliposema kwamba vitu navyo ni ushahidi, si vitabu peke yake, nilisimama nikawaeleza kile kizingiti tangu mwanzo hadi mwisho. Darasa lilipiga makofi mpaka mbwa wa kata tatu wakabweka. Nikajua basi: babangu alikuwa msomi, kasoro yake ilikuwa brashi ya viatu na punda.

Sasa nimerudi Doha, niko mapokezi kwenye hoteli moja ya The Pearl. Baba yuko Taita, magoti yamemchoka, na kila nikimpigia, akishamaliza habari za afya na mvua, anauliza: “Mlango upo?” Miezi mingapi nimekuwa nikimjibu sijapata nafasi ya kwenda kuona! Ukweli ni kwamba niliogopa.

Ijumaa moja vijana wa kazini wakakodi gari, wakaniburuta. Jamani. Ngome imepakwa plasta mpaka imekuwa keki ya harusi. Kuta zote nne zimenyooka, hakuna mjusi hata wa dawa. Lango jipya linatazama maegesho, limepambwa misumari ya shaba kama sofa. Na pale mnarani, juu ya kibao kikubwa cha lugha mbili, kimeandikwa kisa cha punda mweupe. Chote! Ngazi thelathini, milio mitatu, makalio. Vijana wamepanga foleni, wamevaa masikio ya punda ya kwenye simu, wanabinua midomo, wanapigwa picha wakiwa wamekalia kishubaka. Kizazi hiki ukikiambia chumvi inatoka baharini kinataka uthibitisho; ukikiwekea punda kwenye kibao, kinapiga magoti.

“Nani kawaambia haya?” nikamuuliza Brayo, kijana wa Nairobi tunayefanya naye mapokezi.

“Sistee, hii ni history, si unaona imeandikwa?” akanijibu bila kuinua macho. “Acha kuzima watu raha bana.”

Nilikwenda upande wa kisima. Ukuta ni mzima, laini, hauna hata ufa. Nikaupapasa kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe. Nikageuka nitafute cha kunywa. Uani kuna kibanda cha chai, na mbele ya mlango wake kuna ngazi moja ya jiwe refu. Upande wa kushoto jiwe limelika, limefanya bonde kama ndani ya kijiko.

Nikampigia palepale.

“Mlango upo?” akauliza, hata habari za mvua akaziruka.

“Ukuta wameuziba, Baba. Jiwe lipo. Wamelifanya ngazi ya kibanda. Watu wanaingia na kutoka tangu asubuhi.”

“Wanafuata nini humo?”

“Chai. Na maji.”

Kisha nikamsikia akicheka, kile kicheko chake cha gofuni. “Si niliwaambia? Kiu.” Halafu akauliza, kwa umakini wa mhandisi, “Na wanatanguliza mguu gani?”

Nikatazama. Brayo alikuwa anakuja, macho kwenye simu.

“Hawatangulizi wowote, Baba. Wanajikwaa.”

Enzi zile watu walipita hapo na maji begani na macho mbele, mpaka jiwe likawazoea. Nilivua kiatu, watu wakinishangaa, nikaweka mguu wa kushoto. Ile nafasi ya vidole vitatu haipo tena. Mguu umeenea.