Sauti Nne Ukumbini Baba Dogo

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kitengo cha kompyuta aliniazima sweta. Mashine ya wakati ule ilikuwa kubwa kama kabati tatu za nguo na haikuvumilia joto, kwa hivyo chumba chake kilikuwa baridi kupindukia. "Binti," aliniambia, "hii haikisii. Ukiiambia upuzi, itafanya upuzi wako kwa bidii."

Programu tuliziandika kwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu, kila mstari kadi yake. Rundo ulilipeleka leo, jibu ukalipata kesho. Karatasi ya kwanza ilipotoka na maneno niliyoyaagiza, niliisoma mara tatu.

Nilipangiwa programu za kufuatilia mabehewa ya reli. Baadaye msimamizi wa mifumo akanihamishia bohari ya Industrial Area, kadi zikaondoka, skrini zikaja. Wenzangu waliiacha kazi getini jioni. Mimi niliibeba hadi nyumbani Makadara. Marehemu mume wangu alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama sima iko tayari. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeipenda kama mimi.

Nilipostaafu nikaanza programu ya kwaya yetu ya kanisani. Tunaimba kwa solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi: d, r, m. Nilitaka simu izisome na kuziimba, kila mtu ajifunze sauti yake nyumbani. Sauti moja ilitoka vizuri. Zikiwa nne zilisambaratika, besi ikimaliza ubeti soprano bado iko njiani. Nilihangaika nayo miaka.

Mwaka jana nikasikia kuna kongamano la waunda programu mtaani Baba Dogo. Nikatia laptopu kwenye mfuko wangu wa kanisani, nikaenda. Mlangoni msichana akaniita nyanya kwa lugha ya mtaani, akaniuliza, "Karibu shosh, umemsindikiza nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

Akacheka kwa furaha, akaniandikia jina la kubandika kifuani.

Ndani nilisimama tu. Ukumbi mzima ulikuwa unabishana kuhusu programu, watu wakichoreana hewani kwa vidole, chai ikipoa. Maisha yangu yote nilidhani ugonjwa huu ni wangu peke yangu.

Kwenye meza moja nikaona herufi: d, r, m. Mwenye skrini alikuwa Ouma, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Mukuru kwa Njenga, mikono imejaa makovu ya cheche.

"Hiyo si solfa?"

"Ni solfa, mama. Kanisani kwetu hatuna kinanda."

Sauti zake zilikwenda pamoja, ila programu yake haikuweza kusoma nusu pigo. Yangu iliweza. Tukakaa sakafuni karibu na soketi. Akasoma mistari yangu polepole. "Mama, kila sauti umeipa saa yake. Zipe moja, zote ziiangalie, kama kwaya na mwalimu."

Nami nikamwonyesha nusu pigo. Tukaunganisha, tukabonyeza.

Wimbo wa mavuno unaoimbwa makanisa mengi ukatoka, sauti zote nne, zikapumua mahali pamoja. Mtu nyuma yangu akaingia na sauti ya tenor. Msichana wa mlangoni akashika alto. Mabishano yakanyamaza, ukumbi ukaimba, na Ouma akajifuta macho kwa mkono wa shati bila kumficha mtu.

Siku hizi Jumamosi anakuja kwangu, tunaandika hadi chai ya pili. Nimestaafu, lakini mwenzangu kazini nimempata sasa.