Kipimio Ndani ya Robota

Niliporudi chumbani na chai, boksi langu dogo la madira halikuwepo. Kaka yangu, mshirika wangu wa biashara ya nguo hapa Guangzhou, alikuwa amelichukua pamoja na mzigo wetu wa soko la Shisanhang na kuupeleka wote ghalani. Huko nguo hushindiliwa kwa mashine hadi robota linakuwa gumu kama tofali. Katikati ya madira yale nilikuwa nimefunga kipimio cha kioo kwa kanga, nikikusudia kusafiri nacho mwenyewe.

Nilimpigia nikiwa kwenye teksi. "Kaka, wasilishindilie lile boksi dogo. Ndani mna kioo."

"Kioo gani?"

Alijua nakusanya vigilasi vya zamani vya Waingereza, vya enzi za Viktoria, vyenye mistari iliyochongwa kuonyesha kiasi. Hakujua vilipimia nini.

"Kipimio. Cha wiski."

Kaka yangu ni mtu wa msikitini, na mimi pia nilikuwa nimevaa hijabu yangu pale, naharakia ghalani kwa ajili ya chombo cha pombe. Simu ikakatika.

Nilipofika, boksi lilikuwa tupu na robota lilikuwa limeshafungwa kamba za plastiki. Laoban, mwenye ghala, alikuwa akitikisa kichwa. "Bu xing," alisema. Haiwezekani, lori la kwenda bandari ya Nansha lilikuwa linangoja mlangoni.

Kaka hakunitazama. Alichukua kisu mezani akazikata kamba mwenyewe. Nguo zikafumuka. Tukapiga magoti, tukavuta dira moja moja, tukipapasa kabla ya kushika, tukiogopa vigae. Laoban alikuwa anapaza sauti juu ya vichwa vyetu.

Kaka ndiye aliyeipata kanga. Aliifungua polepole. Kitako kilikuwa kimemeguka upande mmoja, lakini kioo kilikuwa kizima na mistari yake yote inasomeka. Akakiinua kwenye taa.

"Mistari hii ya nini?"

"Muuzaji asimpunje mnywaji."

Alikigeuza mara kadhaa, kisha akanipa.

"Kwenye mzigo wangu hakipandi," alisema. "Kibebe mwenyewe. Na mama akiuliza, usinitaje."

Tukaanza kukunja madira upya. Laoban alikuwa ameshawasha mashine.